Virusi na Kinga Inayomgeukia Mwenyewe: Uchambuzi Kutoka Ngara na Biharamulo

Kinga ya mwili wa binadamu imepewa kazi mbili zinazovutana, yaani kuangamiza kilicho kigeni na kukiacha salama kilicho cha mwili wenyewe, na kwa kuwa virusi haviwezi kuzaliana isipokuwa ndani ya seli hai, kila maambukizi ya virusi huzikutanisha kazi hizo mbili ndani ya seli moja. Seli ya ini, ya neva au ya damu iliyoingiwa na virusi ni mali ya mwili na papo hapo ni kiwanda cha adui, na kinga haina budi kuamua ni nini cha kuua na ni nini cha kusaza. Mara nyingi sana uamuzi huo huwa sahihi: mgonjwa hupona, askari wa kinga hupungua, na mambo hurejea yalivyokuwa. Mara chache mashambulizi huendelea baada ya virusi kutoweka au kujificha, na shabaha yake huwa ni viungo vya mgonjwa mwenyewe. Hali hiyo ndiyo inayoitwa kinga kujishambulia, na maradhi yatokanayo nayo ni mengi na yanatofautiana mno, kuanzia baridi yabisi na lupasi hadi kisukari cha utotoni na magonjwa ya utando wa neva.

Katika vitabu vingi vya tiba virusi hutajwa kuwa vichochezi vya maradhi hayo, na ushahidi upo, lakini maelezo hayo huacha nje nusu ya jambo lenyewe. Virusi vilevile, vikiingia katika watu wa mahali tofauti, huzaa matokeo yanayopingana, kwa sababu kinachoamua ni umri wa aliyeambukizwa, vimelea vingine alivyo navyo mwilini, urithi wa wazazi wake, na hata dawa anazopewa baadaye. Wilaya za Ngara na Biharamulo, zilizo kusini na magharibi mwa Mkoa wa Kagera, ni mahali panapolifanya jambo hilo lionekane wazi. Malaria ni ya kudumu huko. VVU viliingia mkoani mapema kuliko kwingine nchini. Mamia ya maelfu ya wakimbizi walipita au kukaa huko. Na mwanzoni mwa mwaka 2025 Biharamulo ilipata mlipuko wa virusi vya Marburg. Maswali ambayo watafiti wa Ulaya na Marekani huyaulizia katika watu walioishi mbali na malaria hupata sura nyingine yakiulizwa hapa.

Ili kuelewa jinsi kinga inavyopotoka, ni lazima kwanza kujua jinsi inavyozuiwa isipotoke. Seli nyeupe ziitwazo seli T huzaliwa katika uboho wa mifupa na kukomazwa katika thaimasi, tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambako zile zinazonata kwa nguvu kwenye protini za mwili wenyewe huuawa kabla hazijatoka. Uchujaji huo si kamili. Kila mtu mwenye afya ana seli T na seli B, yaani seli zinazotengeneza kingamwili, zenye uwezo wa kuushambulia mwili wake, ila zinatulizwa na kundi jingine liitwalo seli T za udhibiti. Ugunduzi wa seli hizo za udhibiti uliwapatia Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2025, na umuhimu wake kwa mada hii ni kwamba umebadilisha namna ya kuuliza. Zamani iliulizwa ni wapi kinga ya kujishambulia inakotoka, ilhali sasa inajulikana kwamba ipo daima, imelala, na kinachotafutwa ni kitu kinachoiamsha na sababu inayoifanya isilale tena.

Njia ya kwanza ambayo virusi huweza kuiamsha ni kufanana kwa molekuli. Kinga haitambui virusi kizima bali vipande vifupi vya protini zake, na kipande chenye asidi amino chache kinaweza kufanana na kipande cha protini ya mwili, hata pale ambapo protini hizo mbili hazina uhusiano wowote wa kiasili. Mwaka 1985 Robert Fujinami na Michael Oldstone walionyesha kwamba sungura waliodungwa kipande kifupi cha kimeng'enya cha virusi vya homa ya ini B walitengeneza kingamwili dhidi ya protini ya mielini, ule utando wa mafuta unaozifunika neva, na baadhi yao wakapata uvimbe katika ubongo. Njia ya pili haihitaji mfanano wowote. Virusi vinaposhambulia kiungo, seli za ulinzi hutoa saitokini, ambazo ni kemikali za kupeleka habari na kuongeza joto la vita, na katika fujo hiyo seli T zilizokuwa zimelala karibu na hapo huamshwa ingawa hazina habari na virusi vyenyewe. Njia ya tatu hutokana na uharibifu: seli zinapopasuka humwaga protini ambazo kinga haikuwahi kuziona kwa wingi, nazo huchukuliwa kuwa ngeni, kisha shabaha husambaa kutoka protini moja hadi nyingine kadiri uharibifu unavyoendelea.

Surua inatoa mfano unaokaribia kuzigusa njia zote tatu. Takribani mgonjwa mmoja wa surua katika kila 1,000 hupata uvimbe wa ubongo siku chache baada ya vipele, na uchunguzi uliofanywa Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 1984 ulionyesha kwamba seli nyeupe za wagonjwa kadhaa wa aina hiyo ziliishambulia protini ya mielini, ilhali virusi vyenyewe havikuonekana kuwa na kazi kubwa katika ubongo. Hata hivyo surua hiyohiyo hudhoofisha kinga kwa wiki nyingi na kufuta sehemu ya kumbukumbu yake, na tangu miaka ya 1940 madaktari wa watoto waliwahi kuripoti kwamba watoto wenye ugonjwa wa figo wa kuvuja protini, ambao chanzo chake ni kinga iliyopotoka, walipata nafuu baada ya kuugua surua. Virusi kimoja, basi, kiliwasha moto kwa mtoto mmoja na kuuzima kwa mwingine. Tarehe 28 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa takribani saa 24 na kuingia Ngara, ambako kambi ya Benaco iligeuka kuwa mji mkubwa kwa siku chache, chanjo ya surua ilikuwa miongoni mwa mambo ya lazima kwa sababu za kuokoa maisha ya watoto kwanza. Lakini anayeichanja jamii dhidi ya surua huiondolea pia, bila kukusudia, mojawapo ya vichochezi vinavyojulikana zaidi vya kinga kuushambulia ubongo, na hoja hiyo ingestahili kutajwa mara nyingi zaidi mbele ya wazazi wanaoambiwa kwamba chanjo ndizo huvuruga kinga.

Mfano wenye uzito kuliko wote kwa Kagera ni virusi vya Epstein-Barr, vinavyojulikana kwa kifupi kama EBV. Historia yake ni ya Afrika Mashariki kwa asili: Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao baadaye ulipewa jina lake, na kutokana na vipande vya uvimbe huo vilivyosafirishwa kutoka Uganda, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walivigundua virusi hivyo London mwaka 1964. EBV huambukizwa kwa mate, hukaa ndani ya seli B maisha yote, na hupatikana kwa karibu watu wazima wote duniani. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard, wakitumia kumbukumbu za damu za askari wa Marekani zaidi ya milioni 10, walionyesha kwamba hatari ya kupata skilerosisi ya ubongo na uti wa mgongo, ugonjwa ambao kinga hula mielini polepole kwa miaka, huongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa EBV. Mwaka huohuo timu ya Stanford ilionyesha kwamba kingamwili za baadhi ya wagonjwa hao hunata kwenye protini ya EBV iitwayo EBNA1 na pia kwenye protini ya seli za ubongo iitwayo GlialCAM, yaani mfanano wa molekuli uliothibitishwa hadi kwenye umbo.

Sasa msomaji wa Ngara ana haki ya kuuliza: ikiwa EBV ndiyo chanzo, mbona ugonjwa huo ni nadra mno katika ukanda ambao kila mtoto ameshaambukizwa? Sehemu kubwa ya jibu imo katika umri. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya, ukilinganisha watoto wa eneo la Kisumu lenye malaria ya kudumu na wa Nandi ambako malaria ni ya msimu, ulionyesha kwamba wengi wao huambukizwa EBV kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na kwamba wale wa Kisumu huambukizwa mapema zaidi na hushindwa zaidi kuvidhibiti virusi hivyo. Ulaya na Marekani watu wengi huambukizwa wakiwa vijana, wakati ambapo kinga imekomaa na huitikia kwa nguvu kubwa, hata hupata homa ya tezi ya wiki kadhaa, na ni kundi hilo la waliougua homa ya tezi lililo na hatari kubwa zaidi ya kuupata ugonjwa huo wa mielini baadaye. Mtoto mchanga wa Biharamulo hukutana na virusi hivyohivyo wakati kinga yake bado inajifunza kuvumilia; anaviingiza bila vita, na deni analobeba si la kinga kujishambulia bali la uvimbe wa Burkitt, ambao huhitaji EBV na malaria kwa pamoja. Malaria huziamsha seli B bila kukoma na kuzichosha seli T zinazopaswa kuzichunga zile zenye virusi. Kwa hiyo EBV moja huleta saratani ya taya kwa mtoto wa ukanda wa Ziwa na ugonjwa wa mielini kwa kijana wa Boston, na haieleweki kwa nini vitabu vingi bado huyaandika maradhi hayo mawili katika sura zisizopeana habari.

Malaria yenyewe ina ushuhuda wa kipekee katika mada hii. Mwaka 1968 Brian Greenwood, akiwa Ibadan, Nigeria, alichapisha katika jarida la Lancet hoja kwamba maradhi ya kinga kujishambulia ni nadra mno kwa Waafrika wanaoishi kati ya vimelea, na miaka miwili baadaye yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wa aina inayougua lupasi kwa kurithi hawaugui iwapo wataambukizwa malaria ya panya. Wapinzani walisema unadra huo ni wa vipimo na wa umri mfupi wa kuishi, na kwa kiasi fulani walikuwa na haki, kwani mgonjwa wa lupasi mwenye homa, viungo vinavyouma na upungufu wa damu akifika zahanati ya Ngara atatibiwa malaria, kisha homa ya matumbo, kisha kifua kikuu, kabla ya yeyote kuiwazia kinga yake. Lakini pingamizi hilo halielezi kwa nini watu wenye asili ya Afrika walioko Marekani huugua lupasi kuliko Wamarekani weupe. Maelezo yenye nguvu yanatokana na urithi. Mwaka 2010 ilionyeshwa, kwa kutumia sampuli za watoto wa Kenya miongoni mwa nyingine, kwamba badiliko katika jeni iitwayo FCGR2B, ambayo kazi yake ni kuzifunga breki seli B, huwakinga watoto na malaria kali na papo hapo huongeza hatari ya lupasi. Malaria imewachagua kwa maelfu ya miaka watu wenye kinga iliyolegezewa breki. Maadamu malaria ipo, ukali huo wa kinga una adui wa kushughulika naye, na ikiondoka, ukali hubaki bila kazi. Iwapo malaria itatokomezwa Kagera, jambo ambalo kila mtu hulitamani, hospitali za kizazi kijacho zitapaswa kutarajia lupasi zaidi na si pungufu.

VVU ndivyo vinavyoonyesha mgongano wa ndani kabisa wa mada hii, kwa kuwa ni virusi vinavyoua kinga yenyewe na bado huleta maradhi ya kinga iliyopita kiasi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa Kagera, mwaka 1983. Uchunguzi wa watu wazima uliofanywa mkoani humo mwaka 1987 kwa ushirikiano wa watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, uliwapima watu 2,475 na kukuta maambukizi ya asilimia 24.2 mjini Bukoba, asilimia 10.0 katika vijiji vya Bukoba na Muleba, asilimia 4.5 Karagwe, na asilimia 0.4 tu katika Ngara na Biharamulo, ambayo wakati huo bado ilikuwa ikiijumuisha Chato. Tofauti hiyo ya mara 60 ndani ya mkoa mmoja haikutokana na miili ya watu bali na barabara, biashara na mahusiano, na hailindi mtu milele: wilaya hizo mbili zilipokea baadaye misafara ya malori, wakimbizi na wachimbaji, na leo kliniki za tiba na matunzo ni sehemu ya kawaida ya hospitali zake.

VVU huvuruga uvumilivu wa kinga kwa namna kadhaa zinazofuatana. Kwanza huua seli T za CD4, na kwa kuwa seli za udhibiti nazo zina alama hiyo ya CD4, walinzi wa amani huondolewa pamoja na wapiganaji. Pili, huharibu ukuta wa utumbo mapema sana, hivyo mabaki ya bakteria hupenya kwenye damu kila siku na kuziweka seli B katika hali ya kuamshwa bila kukoma, hata damu ya mgonjwa hujaa kingamwili za kila namna, nyingi zikiwa hazina faida. Tatu, kuna mfanano wa molekuli. Wagonjwa wengi wa VVU hupungukiwa na chembe sahani, vile vipande vya seli vinavyogandisha damu kwenye jeraha, na ilionyeshwa kwamba baadhi yao wana kingamwili zinazonata kwa pamoja kwenye protini ya VVU iitwayo Nef na kwenye protini ya uso wa chembe sahani. Katika hospitali ya wilaya jambo hili huonekana kama fizi zinazotoka damu au hedhi isiyokoma kwa mama ambaye hajawahi kupimwa VVU, na tiba yake iliyo bora si dawa za kuituliza kinga bali dawa za VVU ziitwazo ARV, kwa sababu virusi vikishushwa chembe sahani hupanda zenyewe.

Baridi yabisi ilitoa somo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havikulitarajia. Huko kaskazini, uvimbe wa magoti, vifundo vya miguu na uti wa mgongo unaofuata maambukizi ya utumbo au ya njia ya mkojo huwapata zaidi watu wenye alama ya kurithi iitwayo HLA-B27, na kwa kuwa alama hiyo ni nadra mno kwa Wabantu, ugonjwa wenyewe ulidhaniwa kuwa karibu haupo kusini mwa Sahara. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 madaktari wa Zimbabwe, na baadaye wa Lusaka, Zambia, walianza kuwaona wagonjwa wa aina hiyo kwa wingi, na karibu wote walikuwa na VVU bila kuwa na HLA-B27. Urithi, uliodhaniwa kuwa sharti, ulionekana kuwa njia mojawapo tu ya kufika kwenye uvimbe uleule. Kwa mganga wa Murgwanza au Rulenge, wilayani Ngara, maana yake ni nyepesi kutamka: kijana mwenye goti lililovimba bila jeraha anastahili kipimo cha VVU kabla ya sindano ya goti.

Kisha zikaja dawa. ARV za bure zilianza kutolewa Tanzania mwaka 2004, wakati ambapo wagonjwa wengi walianzishiwa wakiwa wamebakiwa na seli za CD4 chache sana. Kinga iliyofufuka ghafla ilivikuta vimelea vilivyojificha, hasa vya kifua kikuu, na kuvishambulia kwa hasira iliyowaumiza wagonjwa zaidi ya vimelea vyenyewe. Tezi zilivimba, homa zilirudi, na baadhi ya ndugu wakaamini kwamba dawa ndiyo inayoua. Hilo halikuwa kujishambulia kwa maana kamili, kwa kuwa shabaha ilikuwa kimelea. Lakini kati ya mwaka mmoja na mitatu baadaye wachache walipata jambo jingine: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, macho kutokeza na tezi ya shingo kuvimba, dalili za ugonjwa wa Graves, ambao kingamwili huisukuma tezi hiyo ifanye kazi bila kipimo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba thaimasi huzalisha upya seli T changa, na miongoni mwake zimo zenye kuulenga mwili, ambazo hukuta seli za udhibiti bado hazijajaa. Tangu mwaka 2016 Tanzania imefuata utaratibu wa kumwanzishia dawa kila anayekutwa na VVU bila kusubiri CD4 zishuke, na ingawa lengo lake lilikuwa kuzuia vifo na maambukizi mapya, umepunguza pia pengo hilo la hatari ambamo kinga hulazimika kujijenga kutoka karibu na sifuri.

Kipimo cha kingamwili za kujishambulia hudhaniwa kuwa ni cha hospitali kubwa kama Bugando au Muhimbili, na kwa vipimo vingi ni kweli. Hata hivyo kipo kimoja ambacho kimefanyika kwa miaka mingi katika kliniki za wajawazito za Kanda ya Ziwa bila mtu kukiita kwa jina hilo. Ni kile cha kaswende kijulikanacho kama RPR. Kipimo hicho hakimtafuti kimelea cha kaswende bali kingamwili dhidi ya kadiolipini, mafuta yaliyomo katika karibu kila seli ya binadamu, hasa za moyo. August von Wassermann alipoanzisha kipimo cha kwanza cha aina hii mwaka 1906 alitumia dondoo la ini la kijusi chenye kaswende, akiamini kwamba anatumia kimelea, na muda mfupi baadaye ikagundulika kwamba ini lisilo na ugonjwa lingefaa vilevile. Mwaka 1941 Mary Pangborn akatenga kadiolipini yenyewe kutoka kwenye moyo wa ng'ombe. Kwa maneno mengine, dunia imekuwa ikipima kinga ya kujishambulia kwa zaidi ya karne moja ili kutafuta bakteria.

Hapo ndipo virusi na malaria huingia. Homa ya malaria, VVU, surua na maambukizi mengine mengi huzalisha kingamwili dhidi ya kadiolipini, na mama asiye na kaswende hupata jibu la ndiyo, kisha maelezo magumu nyumbani kwa mumewe. Kingamwili hizo za muda huwa dhaifu, hupotea kwa kawaida ndani ya miezi sita, na hazigandishi damu. Zipo nyingine zinazofanana nazo kwenye kipimo lakini hufanya kazi kwa kushikana na protini ya damu iitwayo beta-2-glaikoprotini I. Hizo hugandisha damu kwenye kondo la nyuma na kuharibu mimba moja baada ya nyingine. Kuwepo tu kwa kingamwili dhidi ya mwili si ugonjwa, wala si lazima kuwe dalili ya ugonjwa, na katika nchi ya malaria ni karibu hali ya kawaida ya damu. Daktari aliyefunzwa kwa viwango vya Oslo au Toronto, akiuchukulia kila ugunduzi wa kingamwili dhidi ya kiini cha seli kuwa ni lupasi, atawatia hofu watu wenye afya. Vipimo vipya vya haraka vinavyopima VVU na kaswende kwa pamoja vinatafuta kingamwili za kimelea chenyewe na vimelipunguza tatizo hilo, ingawa navyo haviwezi kumtofautisha anayeugua na aliyekwisha kupona.

Marburg inalazimisha mstari uchorwe, kwa sababu watu huelekea kuita kujishambulia kila madhara yanayotoka kwa kinga. Serikali ilithibitisha mlipuko wa Biharamulo tarehe 20 Januari 2025, na ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi hesabu ilikuwa watu 10, wawili waliothibitishwa kwa maabara na wanane waliokisiwa kwa mazingira yao, na wote walikufa. Miaka miwili kabla, Bukoba Vijijini, wagonjwa walikuwa tisa na waliokufa sita. Virusi vya Marburg huanza kwa kuingia katika makrofaji, yaani seli zinazomeza wavamizi, na katika zile zinazozifundisha seli T, kisha hufunga mawasiliano ya intafero, kemikali inayoziamuru seli zijifungie dhidi ya virusi. Makrofaji zilizochanganyikiwa humwaga saitokini na protini inayoanzisha kuganda kwa damu, mishipa huvuja, na seli T ambazo virusi havikuzigusa hufa kwa wingi. Mwili unauawa kwa silaha zake, lakini hakuna kingamwili wala seli T inayoutambua mwili kuwa adui. Kujishambulia kunataka utambuzi. Marburg huua kabla utambuzi haujajengeka.

Mwenyeji wa asili wa virusi hivyo huonyesha upande wa pili. Popo wa matunda wa Misri, waliokutwa na Marburg hai katika mgodi wa Kitaka, Uganda, baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007, hubeba virusi bila kuugua, na uchunguzi wa jeni na wa majaribio umeonyesha kwamba kinga yao haitoi saitokini za uvimbe kwa fujo kama ya binadamu. Popo amechagua kuvumilia pale binadamu anapochagua vita. Faida ya uvumilivu huo kwa popo haifichi gharama yake kwa jirani, kwani kiumbe asiyeugua huendelea kuvimwaga virusi kwenye mate na mkojo wake.

Kuna pia uhusiano unaokwenda kinyumenyume, ambao ulijulikana vizuri wakati wa UVIKO-19 tu. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba takribani asilimia 10 ya wagonjwa mahututi wa ugonjwa huo walikuwa na kingamwili dhidi ya intafero zao wenyewe, na kwamba kwa baadhi yao zilikuwepo kabla ya kuambukizwa. Hapa kujishambulia hakukuletwa na virusi; kulivifungulia mlango. Zika na chikungunya, vilivyogunduliwa Uganda mwaka 1947 na kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, navyo vina nafasi katika orodha hii, cha kwanza kwa kupooza kwa neva kulikoonekana Polinesia ya Kifaransa mwaka 2013, cha pili kwa maumivu ya viungo yanayodumu miezi au miaka, ingawa katika chikungunya bado kuna mabishano kuhusu kiasi gani cha maumivu hayo ni mabaki ya virusi na kiasi gani ni kinga iliyokataa kulala.

Ugumu mkubwa zaidi kwa wilaya kama hizi umo katika tiba. Dawa kuu ya kinga iliyopotoka ni prednisoloni, nafuu na yenye kupatikana, ambayo huituliza kinga yote bila kuchagua. Mgonjwa anayepewa dozi kubwa Biharamulo huenda ana kifua kikuu kilicholala, homa ya ini B isiyojulikana, au minyoo ya strongiloidi, na kila kimoja huweza kuamka na kumuua wakati viungo vyake vikiendelea kupata nafuu. Ndiyo sababu utaratibu wa kutafuta virusi na vimelea kwanza, ambao kwa mgonjwa wa Ulaya huwa ni tahadhari ya karatasi, hapa ndio hatua ya kwanza ya matibabu yenyewe: kipimo cha VVU, cha homa ya ini B, makohozi au picha ya kifua, na albendazoli au ivermektini, kisha ndipo kidonge cha kwanza cha prednisoloni kimezwe.